Betri Nyepesi na Uzito wa Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi yangu ni milango, madirisha na mageti, na ukipita Rumonge, huku Burundi, ukaona geti lenye samaki wawili wa chuma wanaotazamana kama mume na mke walionuniana, hilo ni langu. Kwa hiyo watu walipoona nimejenga gari lisilo na mlango hata mmoja, walikuwa na haki ya kucheka. Mke wangu alianza. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka gari, akauliza, "Sasa mutu ataingia wapi?"

"Anaruka," nilimwambia.

"Na mwenye kuvaa kitenge?"

Sikuwa nimemfikiria mwenye kuvaa kitenge. Nilikuwa nimefikiria mwendo.

Lilikuwa gari la mbio la viti viwili, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani mbuzi anakutazama kwa dharau kutoka juu. Fremu niliichomelea kwa mabomba yaliyobaki kwenye kazi za wateja. Injini na gia nilizitoa kwenye gari dogo la Kijapani lililokuwa limeozea nyuma ya nyumba ya jirani, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Bodi ni bati la milango, nililolipiga nyundo mpaka majirani wakaacha kunisalimia. Rangi ni nyekundu, kwa sababu mteja mmoja alitaka geti jekundu halafu mkewe akakataa.

Watu huniuliza kwa nini nililijenga, kwa sauti ile wanayomuulizia mlevi kwa nini anakunywa. Nilikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza kuchomelea. Magari niliyoyajua utotoni yalikuwa ya aina mbili: lori linalokuleta na lori linalokurudisha. Nilitaka, kabla sijafa, kuwa na gari lisiloweza kubeba godoro la mtu.

Basi nikalimaliza, tena wakati ambao petroli Burundi ilikuwa inatafutwa kwa maombi na kufunga. Rafiki zangu walisema ni sawa na kununua chanuo siku ya kunyolewa kipara. Sikuwajali. Shida yangu haikuwa petroli, ilikuwa uzito. Injini ile ni ndogo, haina nguvu za kujivunia, na njia pekee ya kuifanya ikimbie ni kutoibebesha kitu. Nilikuwa nimetoboa matundu kila chuma kilichokubali kutobolewa. Viti vilikuwa mbao nyembamba na sponji. Kioo cha mbele sikuweka, nilivaa miwani ya kuchomelea.

Halafu, baada ya kubania huku na kule mwaka mzima, nikaweka betri ya lori.

Sikuwa na nyingine. Ilikuwa imeachwa karakana kwangu na dereva mmoja wa malori ya mawese, na kuinyanyua kulihitaji mikono miwili na neno la Mungu. Nafasi pekee iliyoitosha ilikuwa mbele, upande wa kushoto, upande uleule ninaokaa mimi. Gari likawa linainama kushoto kama mtu mwenye jipu paja la kulia.

Nilitoka nalo kwa mara ya kwanza asubuhi ya Jumamosi. Barabara iliponyooka, lilinifurahisha hata nikaimba. Barabara ilipopinda, nikapinda usukani, gari likafikiria, likakataa. Tuliingia pamoja kwenye muhogo wa mwanamke mmoja, alioutandaza kando ya lami ukauke.

Alitoka nyumbani kwake bila haraka.

"Amahoro, mama," nilisema.

"Amahoro gani? Shuka!"

Nilishuka. Aliniamuru niokote muhogo kipande kimoja kimoja, nikipulize, nikirudishe mahali pake. Mwenyewe alisimama kivulini akilitazama gari.

"Hii kintu iko nini?"

"Gari, mama."

"Oya," alitikisa kichwa kukataa. "Gari iko na mulango."

Nilirudi nyumbani nikiwa na unga mweupe mpaka kwenye nyusi, na nikajua kwamba nahitaji betri nyingine. Nyepesi. Na kwa kuwa pesa zote zilikuwa zimeshaingia kwenye gari, iwe pia rahisi.

Kule mwaloni, wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanapoanika nyavu zao, kuna fundi wa taa. Ni mwanamke wa Kikongomani mwenye meza yake chini ya mwavuli, na sijaona mtu anayejiamini kama yeye. Huchukua betri za kompyuta zilizokufa, akazipasua, akachagua vibetri vidogo vya ndani ambavyo bado vina uhai, akavifunga pamoja kwa utepe mweusi. Vifurushi hivyo ndivyo vinavyowasha taa za kuvulia samaki usiku ziwani. Nilimweleza ninachotaka. Akanipa kifurushi.

"Beba."

Nilikibeba kwa vidole viwili.

"Na nguvu yake?"

"Papa, hii inaita ndagala usiku yote mpaka asubuhi. Haitaamusha kamotokari kako?"

Nilifika nyumbani nacho kwenye mfuko wa plastiki. Mke wangu aliangalia mfuko. "Umeleta mukate?"

Nikakifunga, nikazungusha ufunguo. Gari likasema *tik*. Nikazungusha tena. *Tik*. Basi nikarudi mwaloni, na fundi wa taa, kwa kuwa heshima yake ilikuwa imeguswa, akafunga mwavuli akaja mwenyewe mpaka uani kwangu. Mke wangu alimkaribisha chai, akaikataa, akasema yuko kazini. Alikifungua kifurushi, akanionyesha kibao kidogo cha kijani.

"Huyu njo mulinzi. Ukiomba umeme mwingi, anafunga mulango. Anaogopa."

"Basi mwambie asiogope," nilisema.

Akamng'oa kwa koleo.

Nikazungusha ufunguo, na injini ikaamka kwa kishindo kilichowatoa kuku wote uani. Nilipiga kelele. Mke wangu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anaita gari langu sufuria, alicheza kidogo pale penye mlango wa jiko. Fundi wa taa alikunja mikono kifuani na kutazama ziwa, kama mtu asiyependa kushukuriwa sana. Tulisimama hivyo watatu tukisikiliza ile ngurumo nzuri, mpaka harufu ikaja.

Kifurushi kilikuwa kinavimba kama andazi kwenye mafuta. Baadaye nilielewa kilichotokea: injini ikishawaka inarudisha umeme kwenye betri, na ule wa gari ni mwingi kuliko vibetri vile vinavyoweza kunywa. Mwenye kazi ya kusema "imetosha" ni yule mlinzi. Nilikuwa nimemfukuza mlinzi, halafu nikashangaa kuvamiwa.

Nilizima injini, nikakishika kifurushi kwa koleo la kushikia vyuma vya moto, nikakimbia. Sikujua nakimbilia wapi. Upande mmoja kulikuwa na ndagala za mke wangu zinaanikwa, upande mwingine nguo za jirani.

"Si kwa samaki!" mke wangu alipiga kelele. "Si kwa samaki!"

Nilikitupa kwenye lundo la mchanga wa kujengea. Kilipiga mluzi kama birika, kikatema moto, kikanyamaza. Palibaki shimo jeusi.

Fundi wa taa alilisogelea lile shimo, akachungulia.

"Taa haijawahi kunifanyia hivi," alisema. "Kosa iko mu motokari."

Kisha akasema sasa ile chai atainywa.

Kesho yake, shimo likiwa bado linanuka, mama mkwe wangu akaja kututembelea.

Mama mkwe anaishi ng'ambo, upande wa Kongo, kusini ya Uvira kidogo, na anafanya biashara ya vitenge na mawese. Ni mwanamke wa kimo na upana, na hajawahi kuomba radhi kwa kimo wala kwa upana. Kwao heshima kati ya mkwe na mama mkwe haina mchezo. Sikai naye mkeka mmoja. Simpi mkono mpaka aunyooshe yeye. Siku zote tangu nimuoe binti yake sikuwahi kutia tonge mdomoni mbele yake. Na tulikuwa tukizungumza kupitia mke wangu, hata tukiwa wote watatu chumba kimoja. "Mwambie bwana yako mvua inanyesha," alisema siku moja, nami nimesimama mlangoni nimelowa mpaka soksi.

Siku hiyo alikaa kwenye kiti uani, akasikiliza kisa chote kutoka kwa binti yake, pamoja na sehemu ya "si kwa samaki" ambayo mke wangu aliiigiza kwa miguu na mikono. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Halafu akageuza shingo, akanitazama mimi moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mukwe. Hiyo batiri unatafuta, iko ya namna gani?"

Nilimtazama mke wangu ili atafsiri. Mke wangu alikuwa anatazama angani.

"Nyepesi, mama," nilisema, nikiangalia chini. "Na ya bei ndogo."

"Vitu hivyo viwili havilalake nyumba moja," alisema. Akasimama. "Twende tuvitafute."

Tulikwenda kwa miguu mpaka kwenye duka la vipuri vya pikipiki, karibu na pale wanapoegesha taksi-moto, pikipiki za kubeba abiria. Yeye alitangulia, mimi nyuma kwa adabu, kama mbuzi aliyekubali yaishe. Mwenye duka alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya duka lenye giza. Alitutolea alizokuwa nazo, akazipanga juu ya meza. Kulikuwa na betri mpya ya gari, nzito na ya bei ya kutisha. Kulikuwa na kibetri cha zile mashine zinazoshikilia kompyuta za ofisini umeme ukikatika. Kulikuwa na ya bajaji. Na kulikuwa na ya pikipiki kubwa, ya aina iliyofungwa kabisa, isiyoongezwa maji.

Mama mkwe alizinyanyua zote, kila moja kwa mkono mmoja, kama anavyonyanyua madumu yake ya mawese. Ya gari aliirudisha haraka. Ya ofisini aliipimapima hewani.

"Hii iko nyepesi sawa vile uongo."

Na kweli ilikuwa uongo, kwa kazi yangu. Betri ya ofisini imezoea kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kuamsha injini ni jambo la sekunde chache, lakini ni la nguvu. Mimi nilitaka betri ya kung'ata, si ya kutafuna. Ya bajaji ingeng'ata vizuri kabisa, na bado ilikuwa nyepesi kuliko ya gari. Mtu mwenye busara angechukua ya bajaji. Lakini mtu mwenye busara hajengi gari lisilo na milango, na mimi nilikuwa nimeshaishika ile ya pikipiki, ndogo, inakaa kwenye kiganja kama kitabu cha nyimbo za kanisani, na sikutaka kuiachia. Nilijipigia hesabu zangu: injini yangu ni ndogo, joto la Rumonge haliruhusu oili kuganda, basi huenda itatosha.

"Ile ni ya pikipiki, muzehe," mwenye duka alinionya. "Kwa gari, sijui."

Mama mkwe alimgeukia. "Pikipiki ya taksi inabebaka watu wangapi?"

"Mmoja." Akafikiria. "Wawili. Watatu."

"Na mbuzi?"

"Mara zingine."

"Inapandaka mulima?"

"Ego, inapanda."

"Basi itashindwa kuamusha kitu ya mukwe wangu, yenye haina hata mulango?"

Kiufundi haikuwa hoja. Mbuzi hapandishwi mlima na betri. Lakini huwezi kumkosoa mama mkwe dukani, tena siku ya kwanza anapokusemesha. Nikaitikia kwa kichwa, na mwenye duka, aliyekuwa na mama mkwe wake mwenyewe nadhani, akaitikia pia.

Ikaja bei. Mwenye duka aliitaja. Mama mkwe alichukua kigoda, akakiweka katikati ya mlango wa duka, akakaa.

"Nimechoka," alisema. "Nitapumuzika kidogo."

Duka lile lilikuwa na mlango mmoja. Mteja alikuja kutafuta cheni, akasimama nje. Akaja mwingine wa taa ya nyuma. Mama mkwe aliwasalimu vizuri, akawauliza habari za nyumbani, hakusogea. Mwenye duka alipunguza bei. Mama mkwe alianza kujipepea. Akapunguza tena. Akafunga macho kama anayetaka kusinzia. Mwenye duka alinitazama mimi kwa huruma ya mwanamume kwa mwanamume, akataja bei ambayo hata mimi niliona aibu kuilipa.

"Murakoze," mama mkwe alishukuru, bila kufungua macho. "Lakini kwanza tuone inafanya kazi. Nitanunuaje ng'ombe bila kuiona inasimama?"

Basi vijana wa taksi-moto, ambao hawakuwa na kazi kwa sababu hawakuwa na petroli, walikwenda kulisukuma gari langu kutoka nyumbani. Walikuja nalo wakiimba, mmoja amekaa kwenye usukani akipunga mkono kama rais. Mke wangu alifuata nyuma. Niliifunga betri kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, nikaunga nyaya, nikakaa, nikazungusha ufunguo. Ikang'ata. Injini ikaguna mara moja, ikaitika, ikawaka. Vijana walishangilia. Mwenye duka alivua miwani.

Nilishuka kwa furaha. Na hapo mama mkwe akasema, "Muzuri. Sasa tuende Minago."

Dada yake mkubwa anauza mawese Minago, na kwa sababu ya petroli hakuna basi lililokuwa limepita tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na dumu dogo la petroli nililolificha kwa ajili ya mbio zangu. Alijuaje? Binti yake alikuwa anatazama angani tena.

Kumwingiza kulikuwa kazi. Alikaa kwanza juu ya ubavu wa gari, akageuka, vijana wakalishikilia lisipinduke, akateremka taratibu kitini. Springi zililia. Kilo zote nilizozitoboa, kuzikata na kuzisugua mwaka mzima zilirudi kwa pamoja, na zilikuja na jamaa zao. Lakini hilo halikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba viti vyangu vilikuwa vyembamba na vimebanana, na mkwe hakai paja kwa paja na mama mkwe, kwao wala kwetu wala popote ninapopajua. Nilisimama nje ya gari langu, mkono kwenye usukani, sithubutu kuingia.

Mama mkwe alielewa. Alifungua kitenge cha juu, akakiviringisha kama mto mrefu, akakilaza katikati ya viti.

"Hii njo mupaka," alisema. "Huko Burundi, huku Kongo. Usivuke bila kibali."

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Niliingia Burundi. Mkono wa gia ulikuwa mpakani kabisa, na gia ya tano ilikuwa ndani ya Kongo. Siku hiyo sikuitumia.

Tukaenda. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu, na pale maji yalipokula kingo za barabara nilipita polepole, nikiona mawimbi karibu na gurudumu. Wenye baiskeli zilizopakiwa madumu ya mawese walishuka kututazama. Mama mkwe alishika kilemba kwa mkono mmoja na ubavu wa gari kwa mwingine, akapiga kelele juu ya upepo, "Ongeza! Ongeza, mukwe!" Nikaongeza. Na kwenye kona niligundua jambo la ajabu: gari liligeuka vizuri kuliko siku zote. Mimi kushoto, yeye kulia, gari limesimama sawa kwa mara ya kwanza tangu lizaliwe. Nilikuwa nimehangaika na betri nikitafuta usawa, kumbe usawa ulikuwa Kongo ukiuza vitenge.

Minago hakutaka kushuka. Kushuka, alisema, ni kazi, na dada yake atamkuta hapohapo. Mimi niliingia uani kusalimia na kupewa maji ya kunywa. Niliacha ufunguo mahali pake kwa sababu aliniomba aone namna honi inavyolia. Honi ile niliitoa kwenye lori. Ina tarumbeta mbili na pampu yake ndogo ya umeme, na nilikuwa naipenda.

Nikiwa ndani nilisikia honi ikilia, watu wakicheka. Ikalia tena. Mama mkwe ana watu wengi Minago, na kila aliyepita alisalimiwa kwa honi: wauza mawese, shemasi, binamu fulani mwenye baiskeli. Mwanzoni nilijivunia. Kisha nikaanza kusikia sauti ikipungua, ikawa ya jogoo mwenye mafua, ikawa ya mtu anayejikuna koo. Niliweka kikombe chini, nikatoka mbio.

Nilizungusha ufunguo. Hata *tik* halikuwepo.

"Mama, betri imekufa."

"Imekufa? Miye nilikuwa nasalimia watu tu."

"Umewasalimia wote, mama."

Akanitazama. Nilidhani nimevuka mpaka. Lakini alicheka, akaanza safari ya kutoka kitini, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akamwita dada yake na wanawake wawili waliokuwa wanajaza madumu. "Kujeni tusukume. Weye mukwe, kaa."

Gari jepesi ni gari jepesi. Walisukuma mara moja tu, wanawake wanne waliozoea kubeba, na likawatoka mikononi kama sabuni ya maji. Niliachia klachi, injini ikawaka, nikawa nateremka barabara ya Rumonge. Sasa, mambo mawili. Injini ile nilikuwa bado sijaipangia mwendo wa kusubiri, ukiondoa mguu inazimika. Na nyuma yangu kulikuwa na lori la mawese linalonipigia honi, honi nzima yenye afya. Niligeuza shingo. Mama mkwe alikuwa katikati ya barabara, kilemba kimemlegea, anapunga mikono yote miwili.

"Enda!" alikuwa anapiga kelele. "Usisimame! Enda!"

Nikaenda.

Mke wangu alikuwa uani anageuza ndagala nilipoingia. Alitazama kiti kitupu, na kile kitenge kilichoviringishwa bado kimelala mpakani.

"Mama iko wapi?"

"Minago."

"Nani atamuleta?"

Nilimweleza yote: honi, kusukumwa, lori, na kwamba mwenyewe ndiye aliyesema niende. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hakuna mama wa kwao anayeweza kumwambia mkwe amwache barabarani, na kwamba niombe sana mama yake afike kabla kaka zake hawajasikia.

Alifika jua likielekea Kongo, akiwa amekaa mbele kwenye lori la mawese, lilelile lililonifukuza, na dereva akashuka kumfungulia mlango. Majirani walikuwa wameshakusanyika. Alisimama getini kwangu, kati ya samaki wangu wa chuma, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote:

"Mukwe wangu ameniacha barabarani."

"Mama, si ulisema niende!"

"Miye? Nilisema simama."

Majirani waliguna. Nilimtazama usoni, na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimeanza kumjua, niliona kitu kidogo kikicheza pembeni ya mdomo wake. Alitangaza faini hapohapo: jogoo, mkubwa, apikwe leo. Majirani walisema ni haki. Mwanamke mmoja alisema kwao ingekuwa mbuzi.

Nilichinja jogoo. Mke wangu alimpika kwa mawese, na nyama ilipotengwa nilifanya kama siku zote: nilichukua sahani yangu niende kula karakana, mbali na macho ya mama mkwe.

"Mukwe," aliniita. "Unaenda wapi?"

"Kula, mama."

"Kaa hapa."

Mke wangu aliacha kupakua. Nilisema kwamba haifai, kwamba heshima.

"Mutu ulikaa naye paja kwa paja mpaka Minago," alisema mama mkwe, "leo utamufichia mudomo? Kaa."

Nilikaa kwenye ncha ya benchi. Alichukua firigisi, ambayo kwa desturi ni yangu mwenye nyumba, akaitazama, akaila yeye, akanisukumia paja. Aliniuliza hali ya betri. Nilisema ukiichaji itaamka, haijafa kabisa, na kwamba kesho nitaikata honi. Alisema honi nisiikate, niongeze betri. Nilimweleza habari za uzito. Alisema uzito ni maneno ya watu wembamba.

Kisha akanitazama mdomo, akingoja nile. Niliokota lile paja, nikageuka nusu kuelekea ukutani, nikaanza kutafuna polepole.

"Geuka," alisema.

Nikageuka.